Mwenye Gati la Tanga

Asimamaye Sakina, Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Namanga, huidhania bahari kuwa habari ya watu wengine, kwani kati yake na mawimbi ya Tanga pana safu za Upare na Usambara na reli ya kilomita 400 na ushei. Lakini tangu reli hiyo ilipofika Arusha mwaka 1929, gunia la kahawa lililoteremka nayo kutoka Meru kwenda ng'ambo halikuwa na budi kumbishia hodi mwenye gati.

Naye mwenye gati alikuwa nani? Hapo kale forodha za Mrima zilikuwa milki ya Seyyid wa Unguja, ambaye hakutoza ushuru kwa mkono wake, bali aliwakodisha matajiri wa Kihindi kama Jairam Shivji na Taria Topan. Aprili 1888 Seyyid Khalifa bin Said alitia sahihi mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki forodha hizo kwa ijara ya miaka 50. Miaka 50! Mwaka wenyewe haukwisha: Agosti kampuni ilishika forodha, na mara Abushiri bin Salim akasimama Pangani kuipinga, Tanga ikapigwa mizinga kutoka baharini, na dola ya Berlin ikalazimika kumleta Wissmann na askari wake. Mwaka 1891 serikali ikaitwaa nchi yenyewe, Seyyid akiwa amekwisha kuridhishwa kwa marki milioni 4. Reli nayo ilifuata nyayo hizo hizo, kwa kuwa kampuni iliyoanza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 iliishiwa fedha njiani, serikali ikaichukua mwaka 1899, na treni ikafika Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo wanaosifu hekima ya serikali ya kikoloni kumiliki bandari, mimi siwaungi mkono. Iliingia kama mjomba alipaye madeni ya mpwa mpotevu, kisha akabaki na nyumba.

Waingereza wakairithi, na mwaka 1948 wakazitia reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya mamlaka moja. Hata hivyo, kumiliki gati si kuimiliki kazi yake. Maji ya gatini Tanga yalikuwa haba, meli kubwa zikitia nanga mbali katika ghuba, na shehena ikaenda na kurudi kwa matishari, ambayo, pamoja na ujira wa makuli, yalikuwa mikononi mwa makampuni. Makuli hao waligoma mwaka 1939.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967, iliyokaa papa hapa Arusha, ilizitenga bandari na reli kuwa mashirika mawili. Ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua magati yake. La Tanga likawa la Watanzania, na matishari yakaendelea kwenda na kurudi, mpaka karne hii lilipochimbwa kina, meli zikafunga kamba ukingoni.