Miaka Thelathini ya Kumtafutia Njiti Jibu

Njiti ni mtoto anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Maelezo ni mafupi, ila kuyatumia zahanati ni kazi. Mjamzito wa Manzese anapofika kliniki mara ya kwanza, muuguzi humuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho, huzungusha kigurudumu cha karatasi kinachohesabu wiki, kisha hupima kimo cha mimba kwa futi kamba. Mama asipokumbuka tarehe, au akianza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, hesabu huweza kukosea kwa wiki kadhaa. Mtoto wa wiki 35 huandikwa ametimiza, na aliyetimiza lakini mdogo huandikwa njiti. Utafiti wowote wa kupunguza uzazi wa njiti husimama juu ya hesabu hiyo, na ndiyo sababu unataka watu waliofunzwa kwa muda mrefu.

Kata ya Manzese, iliyokuwa Kinondoni kabla ya Wilaya ya Ubungo kuundwa, ilikua kando ya Barabara ya Morogoro bila ramani. Katika miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini kuboreshwa palepale, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, badala ya kubomolewa. Anayeshikwa na uchungu mapema hukimbizwa Sinza, hospitali ambayo wenyeji huiita Palestina, au Mwananyamala. Hali ikizidi, Muhimbili.

Muhimbili ndiko historia ya mafunzo ya watafiti hao ilikoanzia. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, kikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, chuo kishiriki mwaka 1991 na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ushirikiano na Sweden kuhusu UKIMWI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia madaktari wa Kitanzania kufikia shahada ya uzamivu. Muongo uliofuata ukaja ushirikiano na Chuo Kikuu cha Harvard, na ndani yake suala la njiti likaanza kutafitiwa.

Kati ya 1995 na 1997, wajawazito 1,075 wenye virusi vya UKIMWI waliandikishwa Dar es Salaam katika jaribio lililoongozwa na Wafaie Fawzi, mzaliwa wa Sudan aliyekuwa Harvard, pamoja na Gernard Msamanga wa Muhimbili. Baadhi walipewa vidonge vyenye vitamini B, C na E. Matokeo yalitoka mwaka 1998: kwa waliomeza vidonge hivyo, kujifungua kabla ya wiki 34 kulipungua kwa asilimia 39. Vitamini A peke yake haikusaidia. Kwa miaka ile, dawa za kufubaza virusi zikiwa hazijawafikia wanawake wa kawaida, hilo lilikuwa jambo kubwa mno.

Swali la pili lilijileta lenyewe: je, wasio na virusi? Jaribio la 2001 hadi 2004 liliandikisha wanawake 8,468 jijini humo. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo walishuka kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8. Idadi ya njiti haikubadilika. Kidonge kilimwongezea mtoto uzito, lakini hakikumzuia kuja mapema. Majibu ya namna hii, ambayo hayashangiliwi, ndiyo yanayohitaji mtafiti wa kubaki na kuuliza tena.

Mtafiti huyo hupatikana kwa mafunzo ya baada ya uzamivu. Ni miaka miwili au mitatu ambayo mwenye shahada ya udaktari wa falsafa hupewa posho, mlezi na muda wa kufanya utafiti wake: kuandika ombi la fedha, kupitisha itifaki NIMR, kusimamia wakusanya takwimu na kuchapisha. Bila kipindi hicho, msomi hurudi kwenye darasa lenye mamia ya wanafunzi na wodi iliyojaa, na utafiti humponyoka. Katika Afrika Mashariki, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti uitwao CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na wenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndani yake, umeweka nafasi za namna hiyo kwa wahitimu wake.

Mfano wa karibu zaidi na njiti uko Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Mpango wake wa njiti, ulioanza katikati ya muongo wa 2010, ulifunza watafiti wa baada ya uzamivu wa fani mbalimbali, na wanawake wa jamii zilizoathirika wakaulizwa ni maswali gani yatafitiwe kwanza. Huo ni utaratibu unaostahili kuigwa. Tawi lake la Afrika Mashariki lilishirikiana na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa Chuo Kikuu cha Makerere katika vituo 20 vya Migori, Kenya, na Busoga, Uganda. Pale wakunga waliponolewa kwa mazoezi na timu zikashirikiana kuboresha huduma, vifo vya njiti na watoto wenye uzito mdogo, pamoja na waliozaliwa wafu, vilikuwa asilimia 15.3, dhidi ya 23.3 kwingineko.

Tanzania nayo ilikuwa miongoni mwa nchi tano za jaribio la kangaroo lililochapishwa mwaka 2021: mtoto kufungwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja atengemae, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka 2024 yakafuata majibu ya jaribio la vidonge vya kalsiamu, yaliyohusu wanawake 11,000 wa Dar es Salaam na wengine 11,000 wa India, wote wakisubiri uzazi wa kwanza. Dozi ndogo, kidonge kimoja badala ya vitatu kwa siku, haikuzidiwa katika kuzuia hali inayotangulia kifafa cha mimba. Kuhusu njiti, India ilipata jibu la wazi kwamba dozi ndogo inatosha. Dar es Salaam, waliopewa dozi ndogo walipata njiti asilimia 10.4 na wa dozi kubwa 9.7, tofauti isiyotosha kukata shauri.

Swali la kalsiamu, basi, bado liko wazi katika jiji lilelile lililolijaribu. Sehemu kubwa ya fedha za kazi hizi imetoka nje ya nchi. Serikali na vyuo vitenge nafasi za baada ya uzamivu katika bajeti zao wenyewe, na wa kwanza kuulizwa nini kitafitiwe wawe kina mama wa Manzese waliowahi kulea njiti.