Uthibitisho wa Kempe: kosa lililojificha miaka 11

Leo tuziweke kando programu kidogo tuingie kwenye hesabu. Hatutaenda mbali na kazi yetu, mtaona.

Mwanafunzi anayejifunza kuandika uthibitisho wa kihesabu huonywa mapema: usipime mifano mitano ukasema imethibitika, usianze na lile unalotaka kulithibitisha, usigeuze "ikiwa A basi B" ikawa "ikiwa B basi A". Hayo mwalimu huyashika upesi. Liko jingine gumu zaidi kuliona: kila hatua ni sahihi ukiitazama peke yake, lakini ukizichukua mbili pamoja, jengo linaanguka. Kosa hilo lina historia, na mwenye nalo hakuwa mwanafunzi.

Mwaka 1852 Francis Guthrie alikuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza. Akaona rangi nne zinatosha ili kaunti mbili zinazopakana zisifanane. (Kupakana ni kwa mstari, kugusana kwenye ncha tu hakuhesabiwi.) Je, ni hivyo kwa ramani yoyote? Ndugu yake Frederick akalipeleka swali kwa mwalimu wake, Augustus De Morgan. Naye hakupata jibu. Guthrie mwenyewe baadaye alihamia Afrika Kusini, akafundisha hesabu huko.

Mwaka 1879 Alfred Kempe, wakili wa London aliyependa hesabu, alichapisha uthibitisho katika American Journal of Mathematics. Ulikubaliwa. Miaka miwili baadaye akaingizwa Royal Society.

Wazo lake ni tamu. Kila ramani ina angalau nchi moja yenye majirani watano au wachache zaidi. Iondoe hiyo, zipake zilizobaki rangi nne, kisha irudishe. Ikiwa majirani wake wametumia rangi zote nne, inabidi uikomboe rangi moja. Kempe alifanya hivi: shika jirani mwekundu, fuata nchi zote nyekundu na za kijani zilizoungana naye kama mnyororo, halafu zibadilishane rangi. Nyekundu iwe kijani, kijani iwe nyekundu. Ramani inabaki halali. Kwa majirani wanne au chini ya hapo, ujanja huu hauna dosari.

Kwa watano, mambo ni mengine. Hapo majirani wawili wanaweza kuwa wekundu, kwa hivyo Kempe alihitaji mabadilishano mawili: mmoja awe kijani, mwingine awe njano, ili nyekundu ibaki wazi kwa ile nchi tuliyoiondoa. Alithibitisha kwamba badiliko la kwanza linawezekana. Akathibitisha kwamba la pili linawezekana. Kisha akayafanya yote mawili.

Mwaka 1890 Percy Heawood, mwalimu wa Durham, alichora ramani ya nchi 25 akaonyesha kinachotokea. Nchi mbili zinapakana. Moja ni ya kijani na imo katika mnyororo wa kwanza, nyingine ni ya njano na imo katika mnyororo wa pili. Yafanye mabadiliko yote mawili, na zote mbili zinageuka nyekundu!

Ukishaandika programu ya pesa, unalijua kosa hili kwa sura. Akaunti ina shilingi 1,000. Mume yuko kwenye mashine ya pesa Nakuru, mke yuko Kisumu, kila mmoja anataka 800. Programu inaangalia salio la mume: zinatosha. Inaangalia la mke: zinatosha. Majibu yote mawili yalikuwa kweli yalipotolewa. Benki imetoa 1,600.

Sasa angalieni jambo ambalo huwateleza wanafunzi tena. Heawood hakuonyesha kwamba rangi nne hazitoshi. Ramani yake yenyewe inapakika kwa rangi nne! Alichovunja ni njia, si kauli. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kosa kujificha miaka 11: kauli ilikuwa kweli, kwa hivyo hakuna ramani ambayo ingeikataa. Chukua kaunti 47 za Kenya, chukua nchi zote za Afrika, utapata rangi nne zinatosha kila mara, na hutajua lolote kuhusu ubora wa uthibitisho. Mwanafunzi anayelalamika kwamba amenyimwa maksi na jibu lake ni sahihi amesimama hapo hapo.

Kempe alikubali kosa, na hakuweza kulirekebisha. Heawood alitumia minyororo ile ile kuthibitisha kwamba rangi tano zinatosha. Nne zikasubiri hadi 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walipoipa tarakilishi zaidi ya hali 1,400 za kukagua, kazi ya zaidi ya saa 1,000. Wengi walinung'unika, maana nani angeikagua tarakilishi? Toleo fupi zaidi lilichapishwa 1997, likiwa na hali 633, na mwaka 2005 Georges Gonthier aliandika uthibitisho mzima katika Coq, programu ambayo haikubali hatua mpaka masharti yake yote yatimie. Minyororo ya Kempe imo humo pia, na safari hii kila badiliko linakaguliwa juu ya ramani jinsi ilivyo wakati huo.