Historia ya Kisikizi cha Sikioni na Swali la Bei

Binadamu hupima mambo mengi kwa fedha, na katika kupima huko hupatia mahali pengine na hukosea mahali pengine. Anunuaye kitambaa cha bei kubwa aghalabu hupata nguo idumuyo. Anunuaye kitambaa hafifu huona nguo imepasuka kabla ya mwaka kwisha. Kwa kuwa mazoea hayo yametukaa moyoni, huyachukua vivyo hivyo mpaka katika vyombo vya kusikilizia. Mwanafunzi aliyenunua visikizi vya bei ndogo, yaani zile erfoni zitiwazo ndani ya tundu la sikio, husikia sauti nyembamba isiyo na kina, akajisemea kuwa rahisi ni ghali, kisha akashika subira mpaka siku atakapokuwa na fedha zaidi. Makusudi ya insha hii ni kuonyesha kwamba historia ya chombo hiki yatoa ushahidi ulio kinyume na subira hiyo. Sauti njema sikioni imetokana na maarifa kuliko ilivyotokana na bei, na sehemu kubwa ya maarifa hayo yamo katika uwezo wa mtu mwenye mfuko mwepesi.

Yafaa kwanza tujue kisikizi ni kitu gani. Asili yake ni simu aliyoipatia hati ya uvumbuzi Alexander Graham Bell katika Marekani mwaka 1876. Ndani yake mna sumaku, waya mwembamba uliozungushwa, na utando. Umeme upitapo katika waya kwa kupanda na kushuka, utando huvutwa na kuachwa, hewa iliyo mbele yake hutikisika, na mtikisiko huo ndio tuuitao sauti. Vyombo vya leo vimekuwa vidogo kama punje ya mhindi, lakini nyingi katika erfoni za bei ndogo zafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Sumaku, waya na utando si vitu adimu, na viwanda vyaweza kuvitengeneza kwa wingi na kwa gharama ndogo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutilia shaka usemi kwamba sauti njema haiwezi kukaa katika chombo rahisi.

Watu wa kwanza walioonja raha ya kusikiliza muziki kwa masikio mawili kutoka mbali walikuwa Paris. Mwaka 1881, katika Maonyesho ya Umeme, Clément Ader alipanga vipaza sauti mbele ya jukwaa la Opéra, akavuta nyaya mpaka ukumbi wa maonyesho, na kila msikilizaji akapewa visikizi viwili, kimoja kwa kila sikio. Waliosikiliza walistaajabu kuwa waliweza kutambua mwimbaji alikuwa akielekea kulia au kushoto, ingawa hawakumwona. Mwaka 1890 kampuni iliundwa ya kuuza raha hiyo, na vyombo vikawekwa katika hoteli na mikahawa. Aliyetaka kusikiliza alitumbukiza nusu faranga akapata dakika tano. London nayo ilipata huduma ya namna hiyo tangu mwaka 1895, na wenye nyumba walioitaka walilipa ada ya mwaka. Twaona basi kwamba tangu mwanzo sauti sikioni ilikuwa bidhaa ya wenye nacho, na fikira ya kuwa masikio ya tajiri yastahili sauti bora kuliko masikio ya maskini ilizaliwa pamoja na chombo chenyewe.

Walakini, katika miaka hiyo hiyo alitokea mtu aliyeiona siri ambayo haikuwa na bei. Ernest Mercadier, mhandisi wa Ufaransa, alipata hati ya uvumbuzi katika Marekani mwaka 1891 kwa visikizi viwili vidogo vya kutiwa ndani ya masikio. Uzito wake haukufika gramu 50, zamani ambapo watumishi wa simu walichoka kwa uzito wa vyombo vyao. Jambo kubwa katika kazi yake, hata hivyo, halikuwa wepesi. Juu ya ncha ziingiazo sikioni Mercadier alivika vifuniko vya mpira, kwa sababu mbili alizozieleza mwenyewe: kupunguza msuguano ndani ya sikio, na kuliziba sikio lisiingiwe na kelele za nje. Kijipira kile tukitoacho katika pakiti leo na kukitupa ovyo kina umri wa zaidi ya miaka 130, na ndicho sehemu ya kisikizi ipasayo kuangaliwa kabla ya nyingine zote.

Sababu yake yaeleweka kwa mfano wa mvukuto wa mhunzi. Mvukuto ukiwa mzima, hata ukiukandamiza polepole, hewa yote huenda motoni. Ukitoboka, mkandamizo wa polepole huvujisha hewa upenyoni na moto hauwaki. Mkandamizo wa ghafla tu ndio ufikao, kwa kuwa hewa haipati nafasi ya kutoroka. Ndivyo lilivyo tundu la sikio. Sauti nene, kama ile ya ngoma kuu, ni mitikisiko ya polepole, labda 50 au 100 kwa sekunde. Utando mdogo wa kisikizi waweza kuileta sauti hiyo barabara, maadamu hewa iliyo kati yake na ngoma ya sikio imefungiwa. Pakiwapo upenyo, sauti nene huvuja na kutoweka, nazo sauti nyembamba zenye mitikisiko elfu kadhaa kwa sekunde hubaki peke yake, kali na kavu. Msikilizaji hulaumu kiwanda, ilhali kosa ni la mpira usiolingana na sikio lake. Masikio ya watu hayafanani, na hata masikio mawili ya mtu mmoja hayafanani daima. Kwa hiyo si ajabu mtu kuhitaji kijipira cha kadiri upande wa kulia na kikubwa zaidi upande wa kushoto.

Historia yatupatia ushahidi wa pili kutoka jikoni, wala si kwa mfano. Nathaniel Baldwin alikuwa mtu wa Utah, katika Marekani, aliyesoma elimu ya maumbile na umeme. Mwaka 1910 aliwapelekea wanamaji wa Marekani visikizi vya kichwani alivyoviunda mwenyewe. Walipovijaribu waliviona vyapokea ishara dhaifu kuliko vile walivyokuwa navyo, wakaagiza vingine. Baldwin akajibu kuwa aweza kuwatengenezea kumi tu kwa mara moja, kwani karakana yake ilikuwa jiko la nyumbani. Ubora wa kazi yake ulitoka katika mpango: kipande chepesi cha chuma kilichosimamishwa sawasawa kati ya nguzo za sumaku, kikaunganishwa na utando wa ulanga, hata nguvu ndogo kabisa ya umeme ikatosha kukitikisa. Kampuni zenye mitaji mikubwa hazikuwa zimefika hapo, naye akafika akiwa na meza ya kulia chakula.

Baada ya Baldwin, kisikizi kiliwafikia watu wengi, lakini siri ya Mercadier ikasahaulika kwa muda mrefu. Redio ndogo za transista, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, zilikuja na kisikizi kimoja kigumu cha plastiki kisichoziba kitu, na sauti yake ilikuwa kama ya mbu. Mwaka 1979 Sony walitoa Walkman pamoja na visikizi vyepesi vya sponji, na mwaka 2001 Apple wakatoa iPod na vile vyeupe vilivyokaa mlangoni mwa sikio pasipo kulifunga. Wakati huo wote maarifa ya kuziba yalikuwa yakikua katika nyumba nyingine. Mwaka 1972 vilianza kuuzwa Marekani vizibo vya sponji ifinyikayo, vilivyokusudiwa kuwakinga wafanyakazi wa viwandani na kelele. Mtu akikifinya na kukitia sikioni, sponji hufumuka polepole na kulijaza tundu. Mead Killion, bingwa wa elimu ya kusikia aliyeanzisha Etymotic Research mwaka 1983, aliitumia sponji ya namna hiyo kwa visikizi vya kupimia masikio ya wagonjwa, na mwaka 1991 kampuni yake ikauza visikizi vya muziki vilivyoingia ndani hasa ya tundu. Mwaka 1995 Jerry Harvey alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikizi vilivyomkinga na makelele ya jukwaa. Hivyo njia aliyoionyesha Mercadier ilirudi kwa kupitia hospitali, viwanda na majukwaa.

Swali la bei lenyewe lilipimwa waziwazi mwaka 2017. Mtaalamu Jeroen Breebaart alichunguza vipimo vya visikizi 283 vya namna na bei mbalimbali, akilinganisha jinsi kila kimoja kitoavyo sauti nene, za kati na nyembamba. Alikuta kwamba bei haikubashiri kitu katika mwenendo huo. Ni haki tuseme mipaka ya habari hii. Haikupima uimara wa waya, wala raha ya kuvaa, wala miaka ambayo chombo chaweza kudumu. Katika mambo hayo huenda fedha ikasema kweli. Wala hatuwezi kudai kuwa kila kisikizi rahisi ni chema. Lakini usemi kwamba bei ni kipimo cha sauti umepoteza mguu wake mmoja.

Basi mwenye kisikizi rahisi afanye nini? Kwanza ajaribu vijipira vyote vilivyomo pakitini, na kila akivaa, alivute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili ili tundu linyooke. Ajuaye kuwa ameziba vizuri ni yule asikiaye sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani azungumzapo. Pili, vijipira vikikataa, atafute vya sponji, ambavyo hulijaza tundu kwa kufumuka. Tatu, asafishe. Wavu mdogo ulio kwenye ncha huzibwa na nta ya sikio, na upande mmoja ukafifia. Mswaki laini na mkavu, ncha ikielekezwa chini, watosha, wala asitumie sindano iwezayo kutoboa utando. Nne, akitumia ikwalaiza ya simu, apunguze kilichozidi badala ya kuongeza kilichopungua, maana kuongeza sana huufikisha utando mdogo mwisho wa nguvu zake, na sauti ikakwaruza.

Shauri hilo la nne lina uzito wa pekee kwetu tusomao lugha. Visikizi vingi vya bei ndogo hupangwa makusudi viwe na sauti nene kupita kiasi, ili vipendeze dukani. Sasa Wegel na Lane walionyesha mwaka 1924 kwamba sauti nene yenye nguvu huifunika sauti nyembamba zaidi kuliko nyembamba iifunikavyo nene. Mwanafunzi asikilizaye kanda za wazee wa pwani hukutana na jambo hili bila kulijua. Kwa Mmvita, paa la nyumba na paa wa mwituni si neno moja. Yule mnyama hutamkwa kwa pumzi, na lile la nyumba halina pumzi. Kadhalika kaa la moto na kaa wa baharini. Pumzi hiyo ni sauti nyembamba na dhaifu, nayo hufunikwa na uvumi mnene. Tumepata kuona maandishi ya wanafunzi ambamo tofauti hiyo haikuandikwa hata mara moja, ikadhaniwa kuwa mzee hakuitamka. Kupunguza sauti nene kidogo kwaweza kuirudisha pumzi hiyo, na haki ya msemaji ikarudi pamoja nayo.

Liko jambo jingine kubwa kuliko raha, nalo ni usalama wa sikio. Fletcher na Munson walieleza mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu husikia sauti nene kwa taabu sauti yote iwapo ya chini. Mtu ambaye kisikizi chake kinavuja, naye yumo ndani ya basi lenye makelele, hukosa sauti nene kwa sababu mbili, akapandisha sauti mpaka mwisho. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa vijana bilioni 1.1 walikuwa katika hatari ya kuharibu masikio yao kwa kusikiliza kwa namna isiyo salama. Kiasi kilichowekwa kwa watu wazima ni desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu, hata desibeli 86 zaruhusu saa 10 tu. Aliyeziba vizuri hupata muziki wake kwa sauti ndogo, kwa sababu kelele za nje zimepungua. Lakini kuziba huko huko humziba na honi ya gari, kwa hiyo atembeaye barabarani avitoe.

Chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na hakuna tajiri awezaye kuzinunua. Kisikizi cha shilingi elfu chache kikivunjika, kingine chapatikana Kariakoo au River Road. Kwa hiyo msomi mwenye kisikizi rahisi asiwe na haya nacho. Akichagulie mpira uwafikianao na sikio lake, akisafishe, apunguze uvumi wake, na akisikilize kwa kiasi. Akifanya hayo atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi ambayo alidhani yamngojea mtu mwenye fedha.