Fahamu Namna Utofauti wa Maumbo ya Arithropodi wa Kale Unavyopimwa

Arithropodi ni wanyama wasio na uti wa mgongo wenye gamba gumu la nje, mwili wa pingili na miguu yenye viungo. Wadudu, buibui, nge, kaa, jongoo na tandu wamo katika kundi hili, ambalo spishi zake zilizokwisha kuelezwa kisayansi zinazidi milioni moja. Visukuku vyao vya kipindi cha Kambri, kilichoanza takribani miaka milioni 539 iliyopita, vimezua swali kubwa katika elimu ya mageuzi ya viumbe: je, maumbo ya wanyama hawa yalitofautiana zaidi mwanzoni kuliko leo?

Chimbuko la mjadala

Mwaka 1909, Charles Walcott wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani aligundua visukuku katika miamba ya Burgess Shale, British Columbia, nchini Kanada. Miamba hiyo, yenye umri wa takribani miaka milioni 508, imehifadhi hata sehemu laini za mwili ambazo kwa kawaida huoza. Walcott aliwapanga wanyama wengi kati ya hao katika makundi yaliyokuwa yakijulikana. Kuanzia miaka ya 1960, Harry Whittington na wanafunzi wake, Derek Briggs na Simon Conway Morris, waliwachunguza upya na kubaini kuwa wengi hawakustahili kuwekwa humo. Opabinia, kwa mfano, alikuwa na macho matano na mkonga kichwani.

Mwaka 1989, Stephen Jay Gould alichapisha kitabu Wonderful Life, akidai kuwa utofauti wa maumbo ulifikia kilele wakati wa Kambri, kisha mifumo mingi ya miili ikatoweka, kwa kiasi kikubwa kwa bahati tu. Dai hilo likikubaliwa, wanyama waliopo leo ni masalia ya bahati nasibu.

Wingi wa spishi na utofauti wa maumbo

Mambo haya mawili hayana budi kutenganishwa. Spishi mia moja za mbawakawa ni nyingi kwa idadi, lakini miili yao inafanana. Kaa, buibui na jongoo ni watatu tu, ilhali maumbo yao yamepishana mno. Kuhesabu spishi pekee, kwa hiyo, hakujibu swali la Gould.

Hatua za upimaji

Kwanza, watafiti huorodhesha sifa za mwili, kama vile idadi ya pingili, aina ya macho, vipapasio na muundo wa miguu, kisha kila mnyama hupewa tarakimu kwa kila sifa. Pili, hukokotolewa umbali kati ya kila jozi ya wanyama: kadiri sifa zinavyotofautiana, ndivyo umbali unavyoongezeka. Tatu, wanyama wote huwekwa katika ramani ya kihisabati iitwayo nafasi ya maumbo. Mwisho, hupimwa upana wa eneo ambalo kundi limeenea, pamoja na wastani wa umbali kati ya wanachama wake.

Kwa visukuku vyenye magamba yaliyohifadhiwa vizuri, kama trilobiti, hupimwa pia mzingo wa gamba la kichwa.

Matokeo

Mwaka 1992, Derek Briggs, Richard Fortey na Matthew Wills walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa arithropodi wa Kambri na wa sasa. Walibaini kuwa utofauti wa makundi hayo mawili unakaribiana. Wale wa Kambri hawakuwazidi wa leo. Vipimo vya Mike Foote kuhusu trilobiti vilionyesha kuwa maumbo ya vichwa vyao yalitofautiana zaidi katika kipindi cha Ordovisi, kilichofuata baada ya Kambri.

Hata hivyo, matokeo hayo hayapunguzi uzito wa Kambri. Kufikia kiwango cha utofauti kinachokaribia cha leo mapema kiasi hicho ni ushahidi kwamba miili ya arithropodi ilibadilika kwa kasi kubwa mwanzoni.

Tahadhari

Upana wa eneo huongezeka kadiri sampuli inavyokuwa kubwa, hivyo makundi hulinganishwa kwa idadi sawa ya vielelezo. Aidha, uteuzi wa sifa huweza kuegemea upande mmoja, na kisukuku kilichovunjika huacha mapengo katika takwimu. Gould mwenyewe, katika makala ya mwaka 1991, alihimiza nafasi ya maumbo ipimwe kwa tarakimu, na tangu wakati huo mjadala huu umeendeshwa kwa vipimo vinavyoweza kurudiwa na kuhakikiwa.