Hofu ya mtoto wa jicho haikutoka hewani

Wadau, kuna kikao ambacho koo nyingi zimewahi kukikalia. Bibi kaletwa mjini, kapelekwa kwa daktari wa macho, kaambiwa ana mtoto wa jicho na tiba yake ni operesheni. Bibi anakataa katakata. "Niacheni na mwanga wangu huu huu mdogo." Wajukuu tuliosoma tunaguna pembeni: ushamba huo!

Mimi neno hilo silikubali. Nikisoma historia ya tiba hii naona wazee wana hoja. Shida ni kwamba hoja yao imepitwa na wakati, na sisi tunaoguna hatujawaeleza imepitwa vipi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Nyuma ya mboni kuna lensi, angavu kama kioo safi. Umri unaposonga, lensi hiyo inaingia ukungu. Basi, huo ndio mtoto wa jicho. Si utando unaoota juu ya jicho kama wengi tunavyodhani. Watu wa kale nao walikosea: matabibu wa Kiarabu waliuita maji yanayoshuka jichoni, na Wazungu wakachukua neno la Kilatini lenye maana ya maporomoko ya maji.

Tiba ya kale ilikuwa kulichoma jicho kwa sindano na kuisukuma lensi idondokee ndani, mbali na njia ya mwanga. Imeelezwa katika maandiko ya Sushruta wa India ya kale, na ilisambaa Asia, Ulaya na Afrika. Mgonjwa aliweza kuona mwanga palepale, watu wakashangilia. Lakini lensi ilibaki humo humo. Mara nyingi jicho lilivimba, likaoza, na giza likawa la kudumu.

Mwaka 1750 mwanamuziki mkubwa wa Ujerumani, Johann Sebastian Bach, alifanyiwa tiba hiyo mara mbili na tabibu wa kuzungukazunguka, John Taylor. Hakuona tena vizuri, na mwezi Julai mwaka huo huo akafariki. Sasa niambieni, mtu wa enzi zile aliyekimbia sindano alikuwa mshamba?

Mfaransa Jacques Daviel alileta njia nyingine mwaka 1747: kulipasua jicho na kuitoa lensi nje kabisa. Ilikuwa hatua kubwa, ila ganzi ya jicho ilikuja mwaka 1884. Na hata baada ya ganzi, jicho lisilo na lensi halioni vizuri bila miwani minene kama kitako cha chupa.

Mchoraji Claude Monet aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912. Akaogopa. Aliahirisha zaidi ya miaka 10 huku rangi zikimpotea, hadi alipokubali kupasuliwa jicho moja mwaka 1923, akiwa na miaka 82. Baada ya hapo alilalamika kwamba rangi na maumbo vimeharibika, na jicho la pili akakataa lisiguswe. Hata hivyo alirudi kwenye brashi akaendelea na picha zake kubwa za mayungiyungi.

Miwani ile imefika hadi kwetu. Katika nchi nyingi za Afrika wagonjwa waliendelea kupewa miwani hiyo mpaka miaka ya 1990. Ikivunjika au ikipotea, mtu anarudi gizani. Huenda bibi alimwona jirani wa namna hiyo, na anachokumbuka ni kweli tupu.

Kilichobadilisha mambo kilitokana na vita. Marubani wa Uingereza walirudi na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, na daktari Harold Ridley akaona kwamba jicho halikuikataa plastiki ile. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alimwekea mgonjwa lensi ya bandia. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka mingi. Uzeeni naye akawekewa lensi hizo hizo!

Mwaka 1967 Mmarekani Charles Kelman, akichukua wazo kwenye kifaa cha daktari wa meno, alianza kuivunja lensi kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu dogo. Kisha bei nazo zikaanguka: kiwanda cha Aurolab kilianza kutengeneza lensi huko Madurai, India, mwaka 1992, na kingine kikafunguliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1994.

Kwa hiyo operesheni anayoikataa bibi siyo ile iliyomwangusha Bach, wala ile iliyomkasirisha Monet. Leo jicho linatiwa ganzi, kazi mara nyingi haifiki nusu saa, lensi mpya inawekwa, na wengi wanalala nyumbani siku hiyo hiyo. Matone hayaondoi mtoto wa jicho. Wala si lazima kusubiri "aive". Akikomaa sana ndipo kazi inakuwa ngumu.

Ila tusimdanganye mzee. Maambukizi ndani ya jicho hutokea kwa wachache, na yanaweza kuliua jicho. Kama ana presha ya macho au kisukari kilichoharibu nyuma ya jicho, lensi mpya haitarudisha kilichokufa. Hayo aulizwe daktari kabla, mzee mwenyewe akisikia.

Uamuzi ni wake, na kipimo kizuri ni maisha yake: bado anawatambua watu? Anachambua mchele? Anatembea bila kujikwaa? Kama ukungu umeanza kumnyang'anya hayo, basi tukae naye tumweleze habari hii yote, ya Bach kwa ya Ridley. Mtu anayeogopa kwa sababu anastahili kujibiwa kwa sababu.

Nawasilisha.