Kutoka Stesheni Hadi Nusu Maili

Niliondoka stesheni ya Moshi alfajiri, mlima ukiwa bado haujajifunika. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na kabla ya hapo uwanda huu haukuwa mji. Moshi ilikuwa juu, kwa Mangi Rindi, mtawala wa huko, ambako misafara ya pwani ilipanda kutafuta pembe na chakula. Reli ilipokomea chini, ofisi na maduka yakashuka kuifuata, jina nalo likashuka pamoja nayo, na kule lilikotoka kukabaki kunaitwa Old Moshi mpaka leo. Niliamua kuipanda njia hiyo kwa miguu nikifuata jambo moja tu: wapi watu wa mlima huu, Wachagga, wamekuwa wakikaa kuamua mambo yao madogo. Maji leo ni ya nani. Nani hakutokea kuzibua mfereji. Mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, umesogezwa au haukusogezwa. Habari za Kilimanjaro zimeandikwa sana kwa theluji na kwa wageni waliopanda kileleni. Kwangu mimi historia yake nzito zaidi iko kwenye vikao.

Kituo cha kwanza hakiko mbali na reli. Ni jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika, katikati ya mji. Wakulima walianza kabla yake, mwaka 1925, kwa chama kilichoitwa Kilimanjaro Native Planters Association, na rais wake alikuwa Joseph Merinyo, mtoto wa Old Moshi. Walowezi hawakutaka Mchagga alime kahawa. Walisema miti yake italea wadudu na magonjwa, na chini ya maneno hayo kulikuwa na hofu nyingine: mwenye kahawa yake haendi kuwa kibarua kwa jirani. Chama kikailinda kahawa ile na kuiuza. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chini yake vyama vya msingi vilivyotawanyika mlimani, kila kimoja na ghala lake, mizani yake, na wanachama wanaojuana hadi babu wa babu.

Miaka minne baadaye watu waliyavamia baadhi ya maghala hayo. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na wamangi walikuwa wametoa amri kwamba kahawa yote ya Wachagga ipite KNCU, atake mtu asitake. Polisi wakaletwa na baadhi ya waliotajwa kuwa vinara wakahamishwa. Mambo ya mwaka 1937 huitwa ghasia, lakini neno hilo halinitoshi. Mtu aliyepanda miche yake mwenyewe, akaipalilia na kuivunia, akaambiwa pa kuiuza bila kuulizwa, alikuwa na neno la kusema, na kikao cha kulisemea kilikuwa kimeshafungwa. Ushirika wenyewe hawakuukataa. Vyama vya msingi viliendelea kujaa wanachama.

Baraza la Wachagga nalo lilipitia njia hiyo hiyo ya watu kuamuliwa bila kuulizwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliupanga upya utawala wa mlima: Hai, Vunjo na Rombo, kila sehemu ikawekewa mangi mwitori juu ya wamangi wengine. Kwenye makaratasi ilionekana ni nadhifu. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa ngazi moja zaidi kati yake na mwenye uamuzi. Mwaka 1949 Petro Njau na yule yule Merinyo, wote wawili watu wa Old Moshi, wakawa mbele katika chama cha raia, Kilimanjaro Chagga Citizens Union, na hoja yao ilikuwa kwamba mkuu wa Wachagga achaguliwe na Wachagga. Uchaguzi ukafanyika mwaka 1951, na Januari 1952 Thomas Marealle akasimikwa Mangi Mkuu. Baraza lake likawa na gazeti, Komkya, maana yake kumekucha. Lakini mlima uliomchagua haukukubali akae maisha yake yote bila kuulizwa tena. Katika kura ya maoni ya mwaka 1960 wengi waliamua wawe na rais wa kuchaguliwa, na Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo. Ndani ya miaka tisa watu hao hao walimweka mtu kwa kura, na kwa kura wakakiondoa cheo chake. Kila ninaposikia kwamba kupiga kura tulifundishwa baada ya uhuru, naikumbuka miaka hiyo tisa.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu nchi nzima. Siku hizi ukiwa Dar es Salaam ukaambiwa nenda kwa Mangi, utajikuta dukani ukinunua sukari na sabuni. Neno limeshuka mlimani likapata kazi nyingine, wala sioni kuwa limedhalilika, maana mwenye duka la mtaani naye husikiliza shida za watu kutwa.

Nilivuka soko la Kiboriloni wakati marobota ya mitumba yanafunguliwa, kisha nikashika barabara inayopanda. Hapo joto la uwandani linaanza kuachia. Mahindi yanapungua, migomba inaongezeka, kahawa inajificha chini ya kivuli chake, na juu yake mringaringa na mikuyu. Ng'ombe husikika lakini haonekani, kwa sababu kihamba hakina pa kuchungia. Yuko bandani, na majani yanamfuata alipo. Na pembeni mwa njia, mara upande huu mara upande ule, yanapita maji membamba yasiyo na haraka. Huo ndio mfongo, na hasa kwa ajili yake nilipanda.

Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa jembe na macho. Hakukuwa na chombo cha kupimia mteremko. Waliochimba waliyaacha maji yenyewe yawaonyeshe, wakianzia juu mtoni, kwenye banio, wakiyazungusha kwenye ubavu wa mgongo wa mlima ili yasishuke upesi mno yakala udongo, wala polepole mno yakatuama. Palipokuwa na bonde waliyavusha kwa magogo yaliyotobolewa kama mitumbwi. Wageni wa karne ya 19 waliofika huku walishangazwa na mifereji hii kabla hawajamaliza kushangazwa na theluji. Lakini kuchimba ni kazi ya msimu mmoja. Kuutunza mfongo na kugawana maji yake ni kazi ya vizazi, na hiyo haifanyiki bila kikao.

Kikao cha mfongo kina kiongozi wake, meni mfongo, mara nyingi kutoka ukoo uliouchimba. Yeye ndiye anayejua zamu: leo maji ni ya kaya hizi, kesho ya zile, na usiku yanakusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, ili asubuhi yatoke na nguvu. Ndiye anayetangaza siku ya kuuzibua. Kila kaya inatoa mtu na jembe lake. Asiyetokea analipa, na zamani malipo yalikuwa mbege, pombe ya ndizi, ya kunywewa na waliofanya kazi. Nimelifikiria sana lile pipa la mbege. Mkosaji alitozwa kitu ambacho kiliwakutanisha wenzake, na yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao, na ugomvi ulikuwa mgumu kuendelea mtu akishapokea kibuyu kutoka mkono wa jirani. Makosa makubwa zaidi yalikuwa na njia yake. Aliyetaka kusamehewa alimtuma mtu na jani la isale, na mwenye kupelekewa isale hakuwa na ruhusa ya kulikataa kirahisi.

Sitasema kikao kile kilikuwa cha haki kwa kila mtu. Wanawake, ambao ndio waliochota maji hayo na kumwagilia ulezi na mboga, hawakuruhusiwa kulifikia banio wala kukaa katika uamuzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba na kati yao wanawake wasipungue watatu. Hapo sheria ya Dodoma ilikuwa mbele ya mila, na nasema hivyo bila kigugumizi.

Juu zaidi, Tsudunyi, nilisimama penye mti wa Mangi Meli. Meli alikuwa mtoto wa Rindi. Mwaka 1892 watu wake waliwashinda Wajerumani, na ofisa wao, von Bülow, akafa katika vita hivyo. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapa, pamoja na Molelia wa Kibosho na wengine. 19 kwa jumla. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekuwa wakikitafuta miaka mingi. Siku hiyo ya Machi palikusanywa watu wengi waje kutazama. Hicho nacho kilikuwa kikao, ila kiliitishwa ili watu wanyamaze. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sikuandika kitu.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mundu wake alinikuta nimeketi. Nikamwamkia, shikamoo meku. Akaitikia, akaniuliza natafuta nini. Nilipomweleza alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, vikao havijaisha. Vimebadilisha tu mihuri." Akanihesabia: kitongoji kina mwenyekiti wake, kijiji kina halmashauri yake, kuna mtendaji, kuna kamati ya maendeleo ya kata na diwani juu yake. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mzima, na kisheria uitishwe kila miezi mitatu. Hesabu yake ilikuwa sawa. Alichoacha ni miaka ya katikati, na niliijazia mwenyewe njiani: mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na KNCU miongoni mwavyo, na vyote hivyo vikaanza kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Kwa miaka kama kumi, daraja lililovunjika kwenye korongo la Old Moshi lilikuwa shauri la watu wasiolijua korongo lenyewe. Mifongo haikusubiri. Kikao chake hakikuwa na muhuri wa kunyang'anywa.

Njia yangu iliishia pale migomba inapoishia. Mbele yake ni ukanda ambao watu wa mlima wanauita nusu maili, kwa sababu ndio upana wake, kama mita 800 hivi, ukipita kati ya vihamba na msitu wa hifadhi. Ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, mbao za kujengea na majani ya ng'ombe bila kuugusa msitu wa juu, na Baraza la Wachagga likapewa kuusimamia. Kwa miaka 20 mali hii ilikuwa na mwenyewe anayefikika: ukiona mtu anakata ovyo, ulijua mlango wa kugonga. Baraza lilipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, nusu maili ikapita mikono mingi, halmashauri ya wilaya, serikali kuu, halmashauri tena, serikali kuu tena. Msitu usiojulikana ni wa nani ni rahisi kuibwa, na uliibwa kweli. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi pamoja na ukanda huu vikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na tangu hapo suala la nusu maili limesemwa bungeni mara nyingi na wabunge wa majimbo ya mlimani, wakiomba wananchi waruhusiwe kama zamani.

Ninajua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya kweli. Maji ya mifongo yanatoka kwenye msitu ule; ukiisha, hakuna zamu ya kugawana. Ninachokikataa ni kudhani kwamba mwanamke wa Old Moshi mwenye ng'ombe mmoja bandani halijui hilo. Analijua kuliko mtu yeyote, maana ndiye wa kwanza kuona mfongo umepungua. Baraza la mwaka 1941 lilimpa mkulima majani, likampa pia kazi ya kuyalinda. Hilo la pili ndilo lililopotea njiani. Nani atakesha akilinda kitu ambacho akikikaribia anafukuzwa? Mpaka wa hifadhi ungekuwa na nguvu zaidi kama wenye vihamba wanaopakana nao wangekaa mezani tangu mwanzo, na muhtasari ukaandikwa, na majina yao yakawa humo.

Nilikuta akina mama watatu wakishuka na mizigo ya majani kichwani. Yalikuwa majani ya uwandani. Walikuwa wameyafuata chini ya barabara kuu, wakapanda nayo kwa gari hadi mwisho wa njia, na sasa wanamalizia kwa miguu kuelekea migongo ya jirani. Nikawaamkia, wakaitika, mmoja akaniuliza kama nimetumwa na ofisi. Nikasema hapana, natembea tu. Akaniambia basi kama bado nipo Jumamosi nisikose, kuna kuzibua mfongo. Imeshatangazwa kanisani. Kila kaya mtu mmoja, jembe na panga, saa moja asubuhi kwenye banio. Nikamuuliza kama siku hizi wanawake wanafika mpaka kwenye banio. "Sasa nani atafika?" alinijibu. "Vijana wote wako mjini." Akautengeneza mzigo wake kichwani, wakaendelea kushuka.