Mkunga na Harufu ya Mto

Maji ya Mto Sosiani, upitao katika mji wetu wa Eldoret, hushuka kwa Kipkaren na Nzoia hata Ziwa Viktoria; toka huko huandamana na Naili mpaka Bahari ya Mediterania. Katika milango ya Naili, nchini Misri, huingia toka baharini samaki mdogo, mwembamba kama ukambaa, mwangavu kama kioo. Huyo ni mtoto wa mkunga wa maji baridi. Ndugu zake wa Bahari ya Hindi huupanda Mto Tana na Mto Athi. Amezaliwa bahari kuu. Mto hajapata kuuona. Je, nani amwonyeshaye njia?

Wahenga hawakujua. Aristotle wa Uyunani, kwa kuwa hakuona mayai ya mkunga, alidhani kuwa huzaliwa na matope. Mwaka 1904 Johannes Schmidt wa Denmark alianza kuwatafuta wachanga baharini. Kadiri alivyokwenda magharibi ndivyo alivyovua wadogo zaidi, na baada ya miaka karibu 20 akatambua kuwa mikunga wa Ulaya huzaliwa katika Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki.

Ikabaki siri ya mlango wa mto. Mtu angeweza kudhani kuwa mkunga huonja upungufu wa chumvi. F. Creutzberg wa Uholanzi hakuridhika na dhana. Alijaribu, na mwaka 1961 akatoa jawabu. Maji yajaapo, watoto wa mkunga huinuka wakachukuliwa kuelekea bara. Yapwapo, yakileta harufu ya mto, huzama chini wasirudishwe baharini. Alipoyachuja maji ya mto kwa mkaa unasao harufu, hawakuvutwa nayo tena, ingawa chumvi ilikuwa haba vile vile. Basi kiongozi wao ni pua.

Mwaka 1986, huko Marekani, Peter Sorensen alionyesha kuwa majani yaozayo mtoni na vijidudu vyake ni asili mojawapo ya harufu hiyo.

Tangu mwaka 2008 mkunga wa Ulaya amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio karibu mno kutoweka. Sababu ni nyingi: uvuvi, mabwawa, uchafu. Sisi tukaao penye chemchemi za mito tusiseme kuwa bahari iko mbali. Jani liangukalo mtoni ni mwaliko kwa mgeni asiyetujua. Taka tutupazo humo hazimkaribishi mtu.